Anza na Hadithi, Tahajia Baadaye: Kuhariri Riwaya Kabla ya Kuituma

Kazi yangu ni kusoma miswada ya riwaya inayoletwa kwa mchapishaji, na kuna mmoja ambao bado unanikaa moyoni. Katika sura ya nne, mjomba wa mhusika mkuu anakatwa mkono wa kulia na mashine kiwandani. Katika sura ya kumi na tisa anakutana na mpwa wake baada ya miaka mingi na kumshika mabega kwa mikono yote miwili. Lilikuwa tukio zuri kuliko yote kitabuni, likaporomoka kwa neno "miwili". Mwandishi alikuwa na kipaji, ila hakuirudia kazi yake mwanzo hadi mwisho kabla ya kuituma.

Wengi huamini kwamba makosa ni kazi ya mhariri. Mhariri yupo, lakini huingia kazini mswada ukishakubaliwa. Anayeamua kama ukubaliwe huwa na miswada mingine mezani, naye akikwama mara tatu nne katika kurasa za mwanzo, huuweka kando. Mara nyingi hapati hata nafasi ya kukuandikia sababu.

Hata wanaojihariri, wengi huanzia mahali pasipofaa. Wanaanza na tahajia. Wanapanga koma na kusahihisha herufi hadi sura ya tano inang'aa, kisha wanagundua kwamba riwaya haiihitaji sura hiyo. Kuifuta hawawezi tena, maana wameitolea jasho.

Kwa hiyo tangulia na hadithi. Ukimaliza kuandika, uache mswada wiki nne hata sita bila kuugusa, uyasahau maneno yako. Ukirudi, usome wote kwa siku chache. Usisahihishe chochote, weka alama tu pale ulipochoka au ulipopotea. Kisha chukua daftari, na kwa kila tukio andika mstari mmoja: nani anataka nini, na mwishoni kimebadilika nini. Tukio lisilobadilisha kitu liunganishe na jingine au uliondoe, hata kama lugha yake ni tamu. Hapa ndipo penye uchungu, na ndipo riwaya nyingi huokolewa.

Pembeni mwa daftari hilo weka kalenda ya hadithi: siku, umri wa wahusika, majina, majeraha, nani anajua siri gani na tangu lini. Mswada wa maneno 80,000 hukaribia kurasa 300 zilizochapwa kwa kuacha nafasi mbili kati ya mistari. Kumbukumbu peke yake haiwezi kuubeba mzigo huo.

Hadithi ikitulia, ingia kwenye sentensi. Tazama hizi: "Alisimama. Alichukua ufunguo. Alifungua mlango." Zote ni sahihi, lakini zinapiga hatua kama askari wa gwaride. "Alisimama, akachukua ufunguo, akafungua mlango" inatembea, kwa sababu Kiswahili kimetupa -ka- ya kusukuma masimulizi mbele. Kompyuta ikusaidie kutafuta kila "ambaye" na "ambacho". "Mtu ambaye alikuja jana" mara nyingi atapendeza zaidi akiwa "mtu aliyekuja jana". Tafuta pia "sana", "ghafla" na "kwa hasira". Ukiandika kwamba Juma aliondoka kwa hasira, umetueleza tu. Akiisukuma sahani kando na kutoka bila viatu, tumemwona.

Mazungumzo yasome kwa sauti. Ukiishiwa pumzi katikati ya maneno ya mhusika, huyo hazungumzi, anahutubia. Bibi na mjukuu wakisikika kama mtu mmoja, rudi kwa kila mmoja umtafutie ulimi wake.

Tahajia na alama za uandishi zije mwisho, kwa kamusi, na ikiwezekana kwenye karatasi. Jicho huruka mengi kwenye skrini. Kisha mpe msomaji mmoja asiyekuogopa. Usimwulize kama amependa. Mwulize aliacha kusoma ukurasa gani akaenda kufanya jambo jingine.

Sura ya kwanza ndiyo ya kuandika upya mwishoni kabisa. Uliiandika wakati hujawafahamu wahusika wako, na mara nyingi kurasa zake mbili tatu za mwanzo ni maelezo uliyokuwa ukijieleza mwenyewe. Zifunike kwa mkono, uanze kusoma pale mtu wa kwanza anapotenda jambo.