Kamera Iliyofuata Upara

Ile video ya kamera ya soka inayoufuata upara wa mshika kibendera (mwamuzi msaidizi) badala ya mpira imerudi tena kwenye grupu letu la WhatsApp wiki iliyopita. Haikosi kurudi, kama bili ya maji. Safari hii imekuja na nyongeza: eti ni Ligi Kuu ya Uingereza, eti kamera ni roboti lenye shingo, eti lilikuwa linamgeukia yule mzee kila akipita. Watu wakacheka weee, kisha mmoja akaniandikia: "Kaka, si wewe ndiye mtu wa hizo kamera? Hebu tupe darasa." Mimi mwenyewe nina upara, kwa hiyo nadhani swali lilikuwa na la pili ndani yake.

Kazi yangu ni kurusha mubashara mechi za ndondo, soka la mitaani, hapa Dar. Bajeti zetu haziruhusu kuajiri wapiga picha wanne, kwa hiyo kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikihangaika na kamera zinazojifuatia mpira zenyewe. Ninazijua uzuri wake na uwongo wake.

Kwanza tuuweke udaku wenyewe sawa. Mechi ilichezwa Scotland, Oktoba 2020, daraja la pili, Inverness Caledonian Thistle wakiwakaribisha Ayr United. Ilikuwa enzi za korona, mashabiki hawaingii uwanjani, wanaangalia kwa mtandao. Muda si mrefu kabla ya hapo klabu ilikuwa imetangaza kwamba wapiga picha binadamu wanapumzishwa, na kazi inachukuliwa na mfumo wa Pixellot unaoendeshwa kwa akili mnemba. Basi mechi ikaanza, na kamera ikawa inauacha mpira na kwenda kukitazama kichwa cha mshika kibendera. Inarudi kwenye mpira, inaondoka tena. Mtangazaji akabaki kuwaomba radhi watazamaji. Wapo mashabiki waliopendekeza mwamuzi yule apewe kofia au nywele za bandia. Matokeo yalikuwa 1-1, na sidhani kama kuna mtu kwenye grupu letu aliyewahi kuuliza.

Sasa hilo la shingo. Kamera ile haikugeuka hata kidogo. Mifumo ya namna hii hufungwa mahali pamoja na haisogei: lenzi kadhaa zinatazama uwanja mzima kwa wakati mmoja, programu inaziunganisha picha zao kuwa picha moja pana, kisha inakata kipande cha picha hiyo na kukurushia wewe nyumbani. Unachokiona kama kamera inayogeuka ni dirisha linalotembezwa juu ya picha kubwa. Maana yake mpira ulikuwa umerekodiwa muda wote, hata pale watu walipokuwa wanatazama upara. Kosa lilikuwa la yule anayechagua kipande, yaani programu, na jicho lenyewe halikuwa na hatia.

Na anayechagua ana kazi ngumu kuliko tunavyodhani. Chukua uwanja wenye urefu wa meta 105, uupige kwa picha yenye upana wa pikseli 3,840, yaani vidoa vidogo vinavyounda picha. Kila meta inapata pikseli kama 36. Mpira una kipenyo cha sentimeta 22 hivi, kwa hiyo unaambulia pikseli nane. Nane! Hapo hakuna mshono wala nembo ya kiwanda, kuna kijidoa cheupe tu. Kikiingia kwenye kivuli cha jukwaa, kinazidi kufifia. Siku ile Inverness kulikuwa na vivuli uwanjani, na huku mbele, karibu na kamera, kuna kitu cha mviringo, kinang'aa juani, na kinaonekana kikubwa kuliko mpira wenyewe. Programu haijui mpira wa miguu ni kitu gani. Imeonyeshwa maelfu ya picha zenye mipira, ikajifunza kutoa alama: hiki kinafanana na mpira kwa kiasi hiki, kile kwa kiasi kile. Mwenye alama nyingi ndiye anayefuatwa.

Tena mifumo hii haiangalii umbo peke yake, inaangalia na mwendo. Inakumbuka mpira ulikuwa wapi nukta iliyopita na kubashiri utakuwa wapi nukta ijayo, ili mpira ukijificha nyuma ya beki isipotee. Hapo ndipo mshika kibendera anapojiponza. Kazi yake ni kwenda sambamba na mchezaji wa pili kutoka mwisho wa timu inayozuia, kipa akihesabiwa, ili aone kuotea. Timu ikishambulia naye anakimbia, ikirudi naye anarudi, na mchezo ukiwa upande wake hasimami mbali nao. Karibu kila kitu unachomfundishia mashine kwamba "mpira hutembea hivi", yeye anakifanya.

Lakini swali la maana zaidi ni hili: yule mzee yuko nje ya mstari, kwa nini programu isiambiwe tu kwamba nje ya mstari hakuna mpira? Huambiwa. Nami huwa nafanya hivyo: kabla ya mechi nachora mipaka ya kiwanja kwenye skrini, na kilicho nje hakihesabiwi. Tatizo ni pembe. Simama barazani kwako, funga jicho moja, inua kidole gumba mpaka kiguse paa la jirani. Kidole kiko kwako, lakini kwenye picha kimekaa juu ya paa lake. Kichwa cha mtu nacho ni hivyo hivyo. Miguu yake iko nje ya mstari, ila kichwa kinaangukia kwenye nyasi zilizo nyuma yake, na hizo nyasi ni ndani ya uwanja.

Nimelipigia hesabu hili baada ya kuumbuka siku moja, nitakusimulia. Kamera ikiwa juu meta nne, na mtu wa meta 1.7 amesimama meta kumi kutoka ilipo, kichwa chake kwenye picha kinatua meta saba ndani ya kiwanja. Ukiipandisha kamera mpaka meta nane, meta saba zile zinashuka kuwa chini ya tatu. Ndiyo maana nikifika uwanja mgeni jambo la kwanza ninaloulizia ni mirunda, miti ya kuifungia kamera juu. Intaneti naiulizia baadaye.

Kuna kisa kingine cha mwaka huohuo ambacho nadhani kilistahili umaarufu zaidi ya upara, ila hakichekeshi. Juni 17, 2020, Ligi Kuu ya Uingereza ilirejea baada ya kusimama kwa ajili ya korona, Aston Villa na Sheffield United. Oliver Norwood akapiga mpira wa adhabu, kipa Ørjan Nyland akaudaka na kuingia nao golini. Kila mtu aliona. Saa ya mwamuzi, ambayo hutetema mpira ukivuka mstari wote, ikanyamaza kimya. Hawk-Eye, kampuni yenye mfumo huo wa kamera za goli, waliomba radhi na kueleza kwamba kamera zote saba za goli lile zilizibwa na kipa, beki na nguzo, jambo ambalo halijawahi kuwatokea katika mechi zaidi ya 9,000. Mechi ikaisha 0-0. Mwisho wa msimu Villa walisalia ligi kuu kwa pointi moja, 35 dhidi ya 34 za Bournemouth na Watford walioshuka. Mimi ningekuwa shabiki wa Bournemouth ningekuwa bado sijalala.

Visa viwili hivi vina mzizi mmoja. Kila mfumo una kizingiti cha alama: chini ya hapo sema "sijui", juu ya hapo sema "nimeuona". Anayerusha mechi hawezi kuwaachia watu skrini ambayo haijui iende wapi, kwa hiyo hushusha kizingiti, na ukikishusha unakaribisha vipara. Anayeamua magoli hukipandisha, maana goli la hewa ni balaa kubwa zaidi, na matokeo yake siku kamera zikizibwa saa hunyamaza. Hujaniuliza, lakini mimi kwa mechi ya watani wa jadi, Simba na Yanga, pale Uwanja wa Mkapa bado ningemtaka binadamu nyuma ya kamera. Anajua wakati gani wa kuuacha mpira na kumwonyesha kocha aliyeshika kichwa.

Nilivyoumbuka mimi sasa. Kiwanja kimoja cha Temeke, saa kumi na moja jioni, vumbi limeinuka, na mpira wenyewe umechakaa mpaka umepata rangi ya mchanga. Kamera nimeifunga chini mno kwa sababu mirunda ilikuja mifupi. Dakika ya ishirini na kitu simu zikaanza kuingia: "Mbona mnatuonyesha mayai?" Nikatazama skrini. Kijana anauza mayai ya kuchemsha, trei begani, meupe yamejipanga, anakwenda taratibu kando ya mstari. Dirisha langu limemng'ang'ania. Akisimama kummenyea mteja, nalo linasimama. Kachumbari ikatiwa, pilipili ikatiwa, mteja akala, watu wanatumia bando lao kumtazama. Huku nyuma makelele, goli limefungwa.

Nikazima ufuatiliaji nikaendesha kwa mkono mpaka mwisho. Jumamosi iliyofuata nilikuja na mirunda mirefu. Nikiwa juu nafunga nyaya, yule kijana akanifuata na trei lake. "Shikamoo. Leo unaonyesha upande gani?"