Panya wa kuja: yasemwayo Mombasa na ukweli wake

"Panya mkubwa ni buku." Buku ni mwenyeji wa Afrika: hubeba chakula mashavuni, na mkia wake ni mweupe kuelekea nchani. Wageni ni wengine. Panya wa mitaroni, *Rattus norvegicus*, asili yake ni Asia. Wa darini, *Rattus rattus*, alitoka Bara Hindi akisafiri majahazini karne nyingi kabla ya gati za Kilindini kujengwa. Ukimuua buku, wageni wako pale pale.

"Sahani za chuma kwenye kamba za meli zatosha kuwazuia panya wasishuke." Zinasaidia zikikazwa sawasawa. Lakini panya aliyejificha ndani ya kontena hapiti kwenye kamba. Hushuka na mzigo, hata ghalani Nairobi. Kagua mlango unapofunguliwa: mavi, gunia lililotafunwa, pamba au makaratasi yaliyochanwa kuwa kiota.

"Wawili watatu hawana neno." Hii ndiyo dhana inayotuponza zaidi. Ni kweli wageni wengi hufa kwa kukosa chakula, maji na maficho. Lakini jike mmoja mwenye mimba akipata jaa la taka kando ya mtaro, yatosha. Mimba ni siku 21 hadi 24, watoto aghalabu 6 hadi 12, na baada ya kuzaa huweza kushika mimba tena ndani ya siku mbili. Watoto nao huanza kuzaa wakiwa na miezi mitatu hivi, hata ndugu kwa ndugu. Na wachache si rahisi kunaswa. Mwaka 2004, New Zealand, watafiti walimwachia dume mmoja aliyevishwa kisambaza mawimbi ya redio cha kumfuatilia kwenye kisiwa kisicho na panya. Aliwakwepa, akaogelea mita 400 hadi kisiwa cha pili, akanaswa baada ya wiki 18. Basi anayesema maji yanakilinda kisiwa chetu ajue hilo. Na daraja la Nyali linalotuunganisha na bara je?

"Panya ana akili, mtego haumpati." Anaogopa kitu kigeni, basi. Weka mitego na dagaa bila kuitega, siku nne au tano, ubavuni mwa ukuta, upande wa chambo uguse ukuta. Akizoea kula, tega yote usiku mmoja. Sumu kali ya haraka humharibia mwindaji: panya akionja kidogo akaugua, hairudii tena. Ile ya kuzuia damu kuganda huua baada ya siku kadhaa, kwa hiyo panya haishuku.

Tundu la sentimita 2 humpitisha panya. Ziba kwa sufu ya chuma, kisha saruji juu yake.