Je, wajua? Kwa nini Windows ya diski ya zamani hugomea kompyuta mpya

Unachomoa diski yenye Windows 7 kwenye kompyuta ya zamani, unaichomeka kwenye mpya, unawasha. Nembo inatokea, kisha skrini ya buluu yenye namba 0x0000007B.

Husemwa diski imekufa, au draiva (programu ndogo za kuendesha vifaa) za picha, sauti na mtandao za mashine mpya hazimo. La kwanza halielekei: diski iliyokufa isingefikisha hata nembo. La pili limeenea zaidi, nalo si kweli. Draiva ya picha ikikosekana, Windows hutumia ya akiba. Maandishi yanavimba, lakini inawaka. Ya sauti ikikosekana, unapata kimya tu. Kwa imani hiyo watu hufomati diski zenye mafaili mazima kabisa. Namba ile haihusu picha wala sauti. Inasema Windows imeshindwa kuifikia diski ambayo yenyewe imetoka humo sekunde chache tu zilizopita.

Kioja hiki hutokea kwa sababu diski ina wasomaji wawili wanaopokezana. Fikiria ghala ambalo ufunguo wa mwenye mali umefungiwa ndani. Mlinzi, yaani BIOS (programu ya kuwashia iliyo kwenye kompyuta yenyewe), ana ufunguo wake. Hufungua, hutoa vitu vilivyoorodheshwa (kiini cha Windows na draiva chache za kuanzia), huviweka kwenye RAM, kisha huondoka. Kuanzia hapo kiini lazima kijifungulie. Kama draiva ya kidhibiti cha diski (sakiti inayoiunganisha diski na kompyuta) ilikuwa kwenye orodha, mlango unafunguka. Kama haikuwemo, ipo, ila iko ghalani.

Windows 7 inaposakinishwa huzizima draiva za diski isizozihitaji, ili iwake haraka. Kwa hiyo, kabla ya kuhamisha, nakili mafaili yako, fungua regedit (kihariri cha mipangilio ya ndani ya Windows), nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\services\msahci, na ubadilishe Start kutoka 3 kuwa 0. Hii huponya pale diski inapotoka kwenye hali ya IDE kwenda AHCI (njia ya zamani na mpya ya kompyuta kuongea na diski; msahci ndiyo draiva ya AHCI); kama mashine mpya iko kwenye RAID ya Intel (hali ya kuunganisha diski kadhaa), badilisha vivyo hivyo Start ya iaStorV, ingawa kwa vidhibiti vipya zaidi draiva hiyo ya zamani huenda isitoshe. Mashine ya zamani ikiwa imeshakufa, chomeka diski kwenye kompyuta nyingine kwa adapta ya USB na upakie faili la Windows\System32\config\SYSTEM kwa Load Hive ya regedit. Humo hutaikuta CurrentControlSet. Tafuta ControlSet001, au namba inayotajwa kwenye Select.

Windows 10 ni mvumilivu zaidi, lakini si kwa kila kitu. Kompyuta nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11 huficha diski nyuma ya VMD (kidhibiti cha diski cha Intel), na kuizima VMD hiyo kwenye BIOS mara nyingi hutosha. Nembo isipotokea kabisa, tatizo ni jingine: huenda diski ni ya MBR (mpangilio wa zamani wa diski) na mashine inakubali UEFI (mrithi wa BIOS) pekee. Na kama kuna BitLocker (kufuli la Windows linalosimba diski), tafuta tarakimu 48 za ufunguo wa kurejesha kabla hujagusa bisibisi, maana TPM, chipu inayotunza ufunguo wa kawaida, inabaki kwenye mashine ya zamani.