Uko peke yako na unatafuta nyumba ya halmashauri? Nitakuuliza umri kwanza

Swali ninaloulizwa karibu kila wiki kazini ni hili: "Mimi sina mtoto wala mke, halmashauri itanipa nyumba kweli?" Mimi ni mshauri wa makazi hapa Uingereza (England), na jibu langu huwa refu kuliko mtu anavyotaka, kwa sababu ndani ya swali hilo kuna maswali mawili. Nani atakupa paa? Na nani atalipa pango? Kila moja lina sheria zake, na unaweza kufaulu la kwanza halafu ukakwama kwenye la pili. (Nitasema "pango" humu, si "kodi". Kodi ya nyumba na kodi ya serikali zikichanganyika hatutaelewana.)

Ila tangulia kuangalia viza yako. Kama imeandikwa kwamba huruhusiwi kutumia fedha za umma, simama hapo hapo na uonane na mwanasheria wa uhamiaji, maana kuomba tu kunaweza kukuharibia maombi ya viza yajayo. Aliyekwisha kukubaliwa kuwa mkimbizi hana kizuizi hicho.

Sasa paa. Orodha za kusubiri nyumba zinaongozwa na Housing Act ya 1996. Sheria hiyo inazitaka halmashauri zitangulize watu wasio na makazi, wanaobanana au kukaa kwenye nyumba mbovu, wenye sababu za kiafya au za ustawi, na wanaolazimika kuhamia eneo fulani ili wasipate taabu. Hakuna mahali inaposema lazima uwe na familia. Kinachomwangusha mtu mmoja ni uchache wa nyumba za chumba kimoja ukilinganisha na watu wanaozitaka. Halmashauri nyingi pia hutaka uwe umeishi kwao kwa muda fulani kabla ya kuingia kwenye orodha, kwa hiyo soma masharti ya pale ulipo. Ya rafiki yako aliye mji mwingine hayakuhusu.

Kama unakaribia kukosa pa kulala, usingoje orodha. Tangu Aprili 2018, mtu yeyote mwenye sifa ambaye atapoteza makazi ndani ya siku 56 ana haki ya kusaidiwa asifike huko, awe na watoto au asiwe nao. Akishakosa makazi, kuna siku nyingine 56 za kusaidiwa kupata pengine. Wengi wetu huenda kuomba msaada tumeshabeba mabegi, wakati siku zile za kwanza zimekwisha. Tena usiondoke kwa hiari kwa sababu tu mwenye nyumba amepandisha sauti. Ukiondoka mahali ulipokuwa bado na haki ya kukaa, wanaweza kusema umejitakia.

Mambo huwa magumu baada ya hapo. Halmashauri hailazimiki kumpa kila mtu makazi ya muda. Hulazimika kwa wenye watoto, wajawazito, waliokimbia ukatili wa nyumbani na wengine wachache, pamoja na kundi moja ambalo ndilo mlango wa wengi walio peke yao: watu walio hatarini zaidi kwa sababu ya ugonjwa, ulemavu, uzee au jambo linalofanana na hayo. Zaidi ya nani? Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilijibu kwamba unalinganishwa na mtu wa kawaida kama naye angepoteza makazi, si na mtu ambaye tayari analala barabarani. Tofauti hiyo ni kubwa. Zamani ungeweza kuambiwa kwamba watu wa barabarani wote ni wagonjwa, kwa hiyo wewe huna la ajabu.

Ndiyo maana nahangaika sana na barua za daktari. Daktari akiandika "ana kisukari" amesema kweli, lakini hajakusaidia. Mwombe aandike nini kitatokea ukilala nje: insulini utaihifadhi wapi, utakula saa ngapi, sukari ikishuka usiku nani atakuamsha. Vivyo hivyo kwa maradhi ya akili. Jina la ugonjwa halitoshi, na sisi tuliolelewa kutotangaza shida zetu hupenda kujibu "naendelea vizuri" hata tunapoulizwa na ofisa mwenye kalamu mkononi. Siku hiyo usiwe muungwana. Ukikataliwa, dai uamuzi kwa maandishi, kisha omba upitiwe upya ndani ya siku 21.

Uskoti mambo ni tofauti. Waliondoa kigezo hicho cha nani apewe kipaumbele mwishoni mwa 2012, kwa hiyo ninayosema hapa usiyapeleke Glasgow.

Tuje kwenye pango. Kwa walio chini ya umri wa pensheni, msaada wa pango siku hizi huja ndani ya Universal Credit, posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na malipo ya kwanza huchukua takriban wiki tano. Umri ndio unaouma. Ukipanga kwa mwenye nyumba binafsi, uko peke yako na hujafika miaka 35, kwa kawaida utahesabiwa kiwango cha chumba kimoja ndani ya nyumba ya kushirikiana, hata kama umepanga nyumba nzima. Tofauti utaijaza mwenyewe. Mpaka 2012 mstari huo ulikuwa miaka 25.

Kuna wasioguswa na kanuni hiyo: waliolelewa na halmashauri wakiwa watoto, mpaka wafike miaka 25, waliokaa hosteli za wasio na makazi kwa jumla ya miezi mitatu, wanaopata posho fulani za ulemavu, waathiriwa wa ukatili wa nyumbani na wa utumwa wa kisasa. Hiyo miezi mitatu ya hosteli watu huisahau kabisa. Omba barua yenye tarehe ulizokaa kabla hujatoka, maana ukishaondoka kuitafuta ni kazi.

Na kanuni hiyo ya miaka 35 haigusi nyumba za halmashauri wala za mashirika ya makazi. Huko kuna mtego mwingine: chumba cha ziada. Mtu mmoja huhesabiwa chumba kimoja cha kulala. Ukikubali nyumba ya vyumba viwili kwa furaha ya kupata funguo, msaada wako hupungua kwa 14% ya pango. Kwa pango la pauni 110 kwa wiki, hiyo ni pauni 15.40 kutoka mfukoni mwako kila wiki, zaidi ya 800 kwa mwaka. Unaweza kuiomba halmashauri malipo ya hiari ya kuziba pengo, lakini ni ya hiari kweli, na huwa na mwisho.

Kwenye hosteli yenye huduma ya usaidizi au makazi ya muda ya halmashauri, pango hulipwa na Housing Benefit, posho ya zamani ya pango, na unaiomba halmashauri yenyewe. Yaani una maombi mawili kwa wakati mmoja: Universal Credit ya kula, Housing Benefit ya kulala. Nimewaona watu wakiingia kwenye madeni kwa kuamini ombi moja limetosha. Kurudisha nyuma tarehe kunawezekana, lakini si zaidi ya mwezi mmoja, na uwe na sababu ya kueleweka.

Nikisema kuhusu maombi yanayosahauliwa, kuna kodi ya halmashauri (council tax), na hapa nasema kodi kweli. Anayeishi peke yake hupunguziwa 25%, na mwenye kipato kidogo anaweza kupunguziwa zaidi. Universal Credit haikufanyii hilo. Fomu ni nyingine, unaipeleka halmashauri, na ukipata nyumba ipeleke wiki ile ile ya kuhamia.