Dawa za mimea dhidi ya saratani: kinachotokea ndani ya seli

Ua la vinka, lile lenye petali tano nyeupe au za rangi ya waridi linalopandwa bustanini na kando ya nyumba, asili yake ni Madagaska, nalo ndilo chimbuko la dawa mbili ambazo hospitali za saratani zimezitumia kwa zaidi ya miaka 60: vinblastini na vinkristini. Robert Noble na Charles Beer, watafiti wa Kanada, walichunguza majani yake katika miaka ya 1950 kwa sababu huko Jamaika yalisifiwa kuwa dawa ya kisukari. Sukari ya panya wa maabara haikushuka. Kilichoshuka ni idadi ya chembe nyeupe za damu, dalili kwamba kuna kitu kilichozuia seli kugawanyika.

Seli inapojiandaa kugawanyika hunakili kromosomu zake, yaani vifurushi vya vinasaba, kisha hujenga nyuzi nyembamba ziitwazo mikrotubuli, ambazo huzivuta nakala hizo kuelekea pande mbili. Nyuzi hizo ni za protini iitwayo tubulini, ambayo vipande vyake huungana na kubanduka bila kukoma. Vinkristini hujishikiza kwenye tubulini na kuzuia uzi usijengwe. Paklitakseli, dawa nyingine ya saratani iliyopatikana katika gome la mti wa Taxus brevifolia wa Amerika Kaskazini, hufanya kinyume: kama alivyoonyesha mtafiti wa Marekani Susan Horwitz mwaka 1979, huziimarisha nyuzi hata zisiweze kubomoka. Matokeo, na hili huwashangaza hata wanafunzi wa famasia, ni yale yale: kromosomu hukwama, mgawanyiko haukamiliki, na mara nyingi vimeng'enya vya seli yenyewe, yaani kaspasi, huanza kuikatakata kutoka ndani mpaka ife.

Tubulini, hata hivyo, haipo katika seli za saratani peke yake. Uboho na mizizi ya nywele hugawanya seli kwa kasi, kwa hiyo huathirika kutegemea dawa iliyotumika. Neva hazigawanyiki, lakini husafirisha mahitaji yake kupitia mikrotubuli, na ndiyo sababu mgonjwa wa vinkristini huweza kupata ganzi vidoleni na kufunga choo. Dozi moja ya mtu mzima kwa kawaida haizidi miligramu 2, nayo hutolewa kwenye mshipa wa damu tu. Ikiingizwa kimakosa katika maji ya uti wa mgongo, huua. Anayechemsha majani ya vinka nyumbani hana namna ya kupima haya. Mamia ya kilo za majani makavu hutoa takriban gramu moja tu ya vinkristini, ilhali alkaloidi (kemikali za mimea zenye athari mwilini) nyingine nyingi za mmea huo huingia katika maji anayokunywa.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake wa kemikali ya mmea inayopambana na saratani, maitansini. Mwanakemia wa Marekani Morris Kupchan aliitangaza mwaka 1972 baada ya kuitenga kutoka mmea wa jenasi ya Maytenus wa Ethiopia, kisha mmea wa jamii hiyo ukavunwa kwa tani Shimba Hills, Kenya, kwa ajili ya utafiti wa Marekani. Nayo hushambulia tubulini, tena kwa ukali uliofanya sumu yake izidi faida ilipojaribiwa kwa wagonjwa. Wanakemia waliirekebisha wakapata DM1, wakaiunganisha na kingamwili trastuzumabu, na dawa hiyo ikaidhinishwa Marekani mwaka 2013 kwa saratani ya matiti yenye protini nyingi ya HER2. Kingamwili huinasa HER2 juu ya seli, seli huimeza pamoja na mzigo wake, na DM1 huachiliwa humo ndani, penye tubulini.