KCSE na SAT mwaka mmoja: Hisabati ile ile, daftari moja

Mama mmoja wa Likoni alinijia mwezi wa Februari, bintiye akiwa nyuma yake na mkoba wa shule begani. Hata kabla hajaketi akaniambia, "Mwalimu, mshika mbili moja humponyoka. Huyu ana KCSE mwaka huu. Hiyo SAT ya Wamarekani ataiwezea wapi?"

KCSE ni mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya; SAT ni mtihani ambao vyuo vya Marekani huutumia kuchagua wanafunzi. Binti anataka uhandisi wa umeme. Ameshaviandika vyuo vitatu vya Marekani kwenye jalada la ndani la daftari lake, na chini yake Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kile cha hapa Tudor, kwa sababu anajua nauli ya ndege haiokotwi ufuoni. Nafundisha tuisheni ya Hisabati, na swali la mama huyo hunifikia kila mwaka. Nilimjibu hivi: mama, mtoto hashiki mbili. Hisabati ni moja. Mitihani hii miwili inatofautiana kwa namna ya kujibu na kwa tarehe, basi.

Tarehe kwanza, maana hapo ndipo wengi huumia. KCSE ya wanafunzi wa shuleni huja mara moja kwa mwaka, huanza mwishoni mwa Oktoba na kuendelea hadi Novemba. SAT hufanywa mara kadhaa: Machi, Mei, Juni, Agosti, kisha tena miezi ya mwisho wa mwaka. Ukikosea SAT unairudia baada ya wiki chache au miezi michache; ukikosea KCSE utasubiri sana kuirudia. Kwa hiyo mimi sikubali mwanafunzi wangu aketie SAT mwezi wa Oktoba akiwa kidato cha nne. Mapema mwaka huo, sawa, au Agosti shule zikifungwa, au Desemba KCSE ikishakwisha, na vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi Januari. Aliye dhaifu katika Hisabati mwishoni mwa kidato cha tatu namwambia wazi aiache SAT kabisa hadi amalize shule. Alama za SAT hazimkimbii.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nimewahi kukosea. Miaka kadhaa nyuma nilimfundisha kijana mwepesi wa akili, na muhula wote wa pili tukazama kwenye SAT. Alizoea kuona swali, kubonyeza kikokotoo na kuchagua jibu. Mtihani wa majaribio ulipofika shuleni, akaleta karatasi yenye majibu sahihi yaliyosimama peke yake, mengine bila hata mstari mmoja wa kazi. Lakini KCSE hugawa alama: nyingine ni za njia, nyingine ni za jibu. Palipokuwa na kosa dogo la hesabu alipoteza zote, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kumpa alama. Mwalimu wake wa shule alimkata bila kumwonea. Kosa lilikuwa langu. Nilimfundisha mkono mmoja nikausahau wa pili.

Tangu hapo kila mwanafunzi wangu ana daftari kubwa, na kila ukurasa una mstari wa wino mwekundu katikati. Kushoto anaandika swali kama atakavyomwandikia msahihishaji wa KCSE, hatua kwa hatua. Kulia anaandika njia fupi kuliko zote. Chukua hili: mstari y = 2x + c unaigusa grafu ya y = x² − 4x + 7 kwenye nukta moja tu. Tafuta c.

Mwanafunzi wa kidato cha nne ana silaha ambayo SAT haimdai: kalkulasi. Mteremko wa grafu ni 2x − 4, na mteremko wa mstari ni 2. Basi 2x − 4 = 2, x ni 3, na y ni 9 − 12 + 7, yaani 4. Rudisha kwenye mstari: 4 = 6 + c, hivyo c ni −2. Upande wa kushoto hiyo ni mistari minne, na kila mmoja una thamani. Upande wa kulia, kwa kuwa SAT siku hizi hufanywa kwenye kompyuta na ndani yake mna kikokotoo cha kuchora grafu, unaingiza milinganyo yote miwili, unaisogeza c taratibu mpaka mstari uiguse grafu, unasoma jibu. Nilipomwonyesha binti wa Likoni alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa hivyo ile kalkulasi ndiyo inanihakikishia kwamba macho yangu hayakudanganywa?" Ndiyo, mwanangu. Hapo akawa ameelewa kwa nini daftari lina pande mbili.

Na mwendo ni tofauti. Karatasi ya Hisabati ya KCSE ni alama 100 kwa saa mbili na nusu: sehemu ya kwanza maswali 16 ya lazima, ya pili unachagua matano kati ya manane. Ni dakika moja na nusu kwa alama, kwa hiyo swali la alama tatu lina dakika nne na nusu. Hisabati ya SAT ni maswali 44 kwa dakika 70, yamegawanywa vipande viwili vya 22. Hapo kila swali lina sekunde 95 hivi. Jambo la kukumbuka ni kwamba ugumu wa kipande cha pili hupangwa kulingana na ulivyofanya kile cha kwanza. Ukiboronga cha kwanza kwa pupa, umejifungia mlango wa alama za juu. Tena jibu baya halikatwi alama, kwa hiyo usiache swali wazi.

Jumatatu hadi Ijumaa ni KCSE tu. Jumamosi alasiri, kwa muda wa saa mbili, tunafanya maswali ya SAT ya mada ile ile iliyofundishwa shuleni wiki hiyo. Wiki ya matriki au ya longitudo na latitudo, ambazo SAT haiulizi, tunageukia takwimu: usomaji wa grafu za vitone, maana ya sampuli. Kiingereza cha SAT hakinisumbui sana. Vifungu ni vifupi, kila kimoja kina swali moja, na binti huvisoma kwenye foleni ya feri asubuhi. Vivuko vya wiki nzima vimemtosha.

Wazazi husahau Fizikia. SAT haina Fizikia, na ile mitihani ya SAT ya somo moja moja ilifutwa mwaka 2021. Chuo cha uhandisi kikitaka kujua kama mtoto anaifahamu Fizikia, kitaangalia gredi yake ya shule. Hivyo anayeitelekeza karatasi ya tatu, ile ya maabara yenye alama 40, ili apate muda wa SAT, anaibomoa nyumba ile ile anayoijenga. Kule Marekani, chuo cha MIT kilirudisha sharti la SAT au ACT, mtihani mwingine kama huo, mwaka 2022, na chuo cha Caltech kikafuata 2024, lakini hakuna chuo hapo kinachosoma alama hiyo peke yake. Na hapa nyumbani, pointi za kuingilia uhandisi zinatoka KCSE, hazitoki kwingine.

Kitu cha mwisho ni kifaa. SAT haifanywi kwa simu. Inahitaji leptopu au tableti iliyowekwa programu ya Bluebook, na ndani yake mna mitihani kamili ya kujipima, bila malipo. Binti hana leptopu. Mjomba wake anayefanya kazi bandarini anayo. Tumekubaliana ataiazima Jumamosi mbili kila mwezi ili vidole vizoee, halafu siku yenyewe mwezi wa Desemba. Mama ameshaandika tarehe kwenye kalenda ya ukutani, na pembeni yake ameongeza kwa kalamu ya bluu: chaja.