Je, wajua radi iligeukaje kuwa mbwa?

Ukifika Bungay, mji mdogo katika kaunti ya Suffolk, mashariki mwa Uingereza, mbwa utamwona kabla hujamuulizia. Yuko juu ya nguzo sokoni tangu mwaka 1933, mweusi ti, anakimbia juu ya mwale wa radi na kugeuka kila upepo unapogeuka. Yumo kwenye nembo ya mji. Timu ya mpira ya hapo nayo huitwa Mbwa Weusi. Mzuka huyo wenyeji humwita Black Shuck, na kisa chake kina tarehe kamili: Jumapili, 4 Agosti 1577, watu wakiwa kanisani.

Mizuka mingi haina tarehe. Huyu anayo, tena ana maandishi, kwa hiyo tunaweza kumfuatilia nyuma hadi alikotokea.

Kisa chenyewe kinakwenda hivi. Ibada ikiendelea katika kanisa la Mtakatifu Maria, mbingu ikafunga ghafla. Giza likatanda, mvua ikamwagika, ngurumo zikatikisa kuta. Katikati ya mimweko akatokea mbwa mweusi, akakimbia kati ya waumini kuelekea mbele. Akapita baina ya watu wawili waliopiga magoti wakisali, akawapinda shingo wote wawili kwa mara moja, wakafa palepale walipopiga magoti. Mtu wa tatu mbwa alimkamata mgongoni, naye mtu huyo akajikunja kama ngozi iliyokaribishwa motoni, au kama mdomo wa mfuko uliovutwa kamba. Huyo alipona. Siku hiyohiyo, kiasi cha kilomita 20 kutoka hapo, mbwa akaonekana katika kanisa la Blythburgh, akaua wanaume wawili na kijana mmoja.

Haya yote tunayapata kwa Abraham Fleming, mwandishi wa London, katika kijitabu alichokichapisha mwaka huohuo. Vijitabu vya namna hiyo viliuzwa kwa bei ndogo, na biashara yake ilikuwa maajabu: ndama wa vichwa viwili, mafuriko, nyota zenye mkia, kila kimoja kikielezwa kuwa onyo la Mungu. Fleming, ambaye baadaye alikuwa mhubiri, aliijua kazi hiyo. Hata hivyo alijiwekea mlango wa kutokea: aliandika kwamba alikuwa mbwa mweusi, au Ibilisi katika sura ya mbwa, Mungu ndiye ajuaye.

Sasa fungua daftari la kanisa la Bungay lenyewe. Humo wameandikwa wanaume wawili, John Fuller na Adam Walker, waliouawa na tufani wakati wa sala, wakiwa katika chumba cha kengele mnarani. Basi. Mbwa hayumo. Waliowazika watu hao, waliowajua kwa majina na nyumba zao, waliandika tufani. Aliyeandika mbwa alikuwa na kijitabu cha kuuza.

Ukimsoma Fleming ukiwa na radi akilini, ushahidi anautoa mwenyewe. Anasema nyaya na magurudumu ya saa ya kanisa yalipindika na kukatika vipandevipande. Anasema mawe na mlango vilibaki na alama kama za makucha. Radi ikipiga jengo refu hutafuta njia ya kushuka ardhini, na waya wa saa ni njia nzuri sana kwake. Ikipita kwenye jiwe lililolowa, maji yaliyomo huchemka kwa kufumba na kufumbua, mvuke ukatanuka na kupasua uso wa jiwe. Hayo ndiyo makucha. Nao waliokuwa katika chumba cha kengele walikuwa mahali pabaya kuliko pote: juu, karibu na chuma na kamba. Vyuma vya kukinga radi vilikuja karne ya 18, baada ya majaribio ya Benjamin Franklin.

Lakini kwa nini mbwa, asiwe ng'ombe au ndege? Kwa sababu nchi ile ilikwisha kuwa na mbwa wake. Mwaka 1127 watawa wa Peterborough waliandika katika kitabu chao cha matukio ya kila mwaka kwamba usiku msituni walionekana wawindaji weusi juu ya farasi na mbuzi weusi, na mbwa wao weusi wenye macho mapana ya kutisha. (Mwaka huo mfalme alikuwa amewapa mkuu wa monasteri wasiyemtaka kabisa, na mzuka wanausimulia papo hapo wanapomlalamikia. Kila mtu na njia yake ya kusema.) Yorkshire nako wanaye mbwa wao, Barghest. Jina Shuck huenda linatokana na neno la Kiingereza cha kale, scucca, yaani shetani. Fleming hakulitumia kabisa. Lilichapishwa mwaka 1850, na baada ya hapo watu wakamchukua Shuck, mzuka wa mbwa wa njiani mwenye macho kama visahani, wakamuunganisha na yule wa kanisani.

Mahali pengine radi ileile ilizaa kiumbe kingine. Tarehe 21 Oktoba 1638 iliingia katika kanisa la Widecombe huko Devon, ikaua watu wanne na kujeruhi wengine kama 60. Kule hawakuona mbwa. Wanasema Ibilisi alipita kwanza kwenye baa ya kijiji jirani, akaomba bia, nayo ikachemka ikishuka kooni mwake, kisha akaenda kumchukua mcheza karata aliyesinzia ibadani.

Turudi Blythburgh, kwenye mlango wa kaskazini. Ni wa mbao za mwaloni, una alama nyeusi zilizoungua, na mgeni yeyote ataambiwa ni kucha za Shuck alipotoka. Alama za namna hiyo, zenye umbo la chozi, zimeonekana kwenye boriti na milango ya nyumba nyingi za kale Uingereza, hata ndani ya Mnara wa London. Waliozifanyia majaribio wamegundua hazitokei kwa bahati mbaya: lazima ushike mshumaa kwa pembe fulani, karibu na ubao, dakika kadhaa, uache mbao iungue taratibu. Watafiti wengi wanaona watu walizichoma kwa makusudi, ili nyumba isipatwe na moto, na radi, na shetani.

Kama na hizi za Blythburgh zilichomwa hivyo, basi mtu alisimama pale na mshumaa wake akimzuia asiingie yule ambaye leo zinaitwa kucha zake.